Neno la Darajani

Hospitali ilirudisha mashuka matatu, na kila moja lilikuwa na sindano ndani. Moja lilimchoma mgonjwa mgongoni. Jingine lilimchoma muuguzi kidole alipokuwa akitandika. La mwisho mkuu wa wauguzi alilikagua mwenyewe, akaichomoa sindano, akaizungushia pamba na kuileta kiwandani kwa mkono wake. Maneno yake yalikuwa machache: ikitokea tena, hospitali itatafuta washonaji wengine.

Aliyepokea maneno hayo alikuwa msimamizi, mtu ambaye wanawake walimwita Bwana Rula. Hakutembea bila rula yake ndefu ya mbao. Aliitumia kunyooshea, kugongea meza, na mara nyingine kujikunia mgongo akidhani haonekani. Asubuhi ile hakujikuna. Alisimama katikati ya safu mbili za mashine, akainua ile sindano kwenye mwanga wa dirisha ili kila mtu aione.

"Hii haikutembea kwa miguu yake," alisema. "Kuna mtu humu ndani."

Mashine zilikuwa zimenyamaza. Kwenye kona, mwanamke mmoja akanong'ona, "Kikulacho ki nguoni mwako," na maneno hayo yakapita kutoka mdomo hadi mdomo mpaka yakaufikia mwisho wa ukumbi, kwenye meza ya kukatia vitambaa. Hapo ndipo alipokuwa Mama Mikasi.

Mama Mikasi alikuwa mkataji mkuu. Alikuwa na mkono mtulivu, sauti ya kuwatuliza wenzake, na matamshi safi kiasi kwamba mgeni yeyote akifika ndiye aliyetumwa kumpokea. Alipoyasikia maneno yale aliendelea kukunja kitambaa, akakikunjua, akakikunja tena.

Tangu siku hiyo kiwanda kikawa si kile tena. Wanawake waliozoea kula mchana kwenye bakuli moja walianza kukaa kila mtu na chake, mgongo ukutani. Jioni kila mmoja aliifunika mashine yake kwa kitambaa na kukifunga fundo alilolijua mwenyewe, asubuhi alitazama kwanza fundo kabla ya kusalimia. Mtu akienda chooni alifuatwa kwa macho. Akirudi, alikuta mazungumzo yamekatika.

Haikuchukua muda uvumi ukapata mahali pa kutua. "Ni watu wa ng'ambo," walisema. "Nani mwingine atafurahi kuwachoma wagonjwa wetu?"

Ng'ambo maana yake ilikuwa upande wa pili wa mto. Vita kati ya pande mbili vilikwisha zamani, daraja likajengwa upya, na watoto waliozaliwa baadaye walikuwa sasa na watoto wao. Lugha ilikuwa moja, sala moja, hata nyimbo za kubembeleza watoto zilikuwa moja. Tofauti ilikuwa ndogo kama unywele: watu wa ng'ambo hawakuweza kusema "sh". Kwao shoka lilikuwa soka, na shida ilikuwa sida. Kwa ajili ya unywele huo watu walinyimwa vyumba vya kupanga, na wachumba waliachwa.

Mama Mikasi alikuwa wa ng'ambo. Hakuna aliyejua ila mama yake mzazi na marehemu mumewe, ambaye aliifunga siri hiyo kifuani akaenda nayo kaburini.

Alivuka akiwa mtoto, katika msimu ule ambao watu walikimbia wakiwa wamefunga mali zao ndani ya mashuka. Wanaume wa upande huu walisimama darajani na fimbo na bunduki, wakiyanyooshea mafurushi na kuuliza, "Mmebeba nini?" Aliyejibu "masuka" aliambiwa apite chini ya daraja. Waliopita huko hawakuonekana tena. Mama yake hakuweza kumfundisha kile asichoweza kukitamka. Mwanamke mmoja waliyejificha naye kwenye matete, mzaliwa wa upande huu aliyeolewa na mwalimu wa ng'ambo, ndiye aliyemshika mtoto kidevu na kumwambia, "Fanya kama unamnyamazisha mtoto mchanga. Shhh. Sasa maliza neno." Mtoto alinyamazisha watoto wasiokuwepo mpaka midomo ikakauka. Walipofika darajani mama alijifanya bubu, na mtoto akajibu kwa niaba ya wawili.

Ububu ule haukuisha darajani. Mtaani kote alijulikana kama yule bibi bubu, mama yake Mama Mikasi. Majirani walimsalimia kwa mikono. Mlango ukishafungwa, bibi alizungumza mpaka jiko likapoa: alisimulia ndoto, alikosoa chumvi, alimsuta paka, na alirudia habari za zamani za waamuzi wa Israeli alizokuwa akisomewa na baba yake kila jioni utotoni. Binti yake alikuwa akimwambia, "Mama, taratibu, ukuta una masikio." Naye alijibu, "Basi ukuta unisalimie. Nimecoka kusalimiwa na paka." Hata "ch" yake ilikuwa na walakini.

Pale kiwandani kulikuwa na mshonaji mgeni ambaye wenzake walimpa jina la Kimya. Alikuwa msichana mrefu, mpole, pindo zake zimenyooka kama mstari wa maji, na maneno yake yalikuwa ya kuokoteza. Mama Mikasi alikuwa amemchunguza tangu wiki ya kwanza, kwa sababu aliona jambo ambalo mwingine asingeliona. Kimya hakuwahi kusema "mashuka". Katika kiwanda ambacho neno hilo lilitamkwa mara nyingi kuliko salamu, yeye alisema "nguo za kitanda". "Nguo za kitanda za leo ziko wapi, mama?" "Hizi nguo za kitanda nizipeleke kwa wakunjaji?"

Mama Mikasi alizijua njia hizo za kuzunguka. Kabla ulimi haujakomaa, naye alikuwa amezipita zote. Huyu ni wetu, aliwaza. Lakini wazo hilo halikumletea furaha, lilimletea baridi. Mtu wa kwao angeweza kumtambua. Katumwa na nani? Mbona hukaa karibu na meza yangu? Mbona hunitazama mdomo ninapoongea?

Jumamosi moja, siku chache baada ya sindano, Mama Mikasi alikuwa uani anaanika nguo aliposikia hodi. Alizunguka mbele akamkuta Kimya kwenye ngazi, ameshika mkasi mdogo.

"Uliusahau mezani, mama. Nikaona nisiuache kule, watu siku hizi..." Hakumalizia.

"Ahsante, mwanangu," alisema Mama Mikasi, akinyoosha mkono haraka. Kabla hajaupokea, dirisha la chumbani likapiga kite na sauti ya kizee ikatoka, nzima na yenye amri:

"Nani huyo? Funga dirisa, mwanangu, nasikia baridi. Na unipe suka langu!"

Wanawake wawili walibaki wamesimama. Paka alipita katikati yao. Kimya alitazama dirisha, kisha ngazi, kisha akasema kwa sauti ndogo, "Mpe bibi salamu zangu," akaondoka bila kugeuka nyuma.

Usiku huo Mama Mikasi hakulala, na Jumapili hakuonja chakula. Kila alipofumba macho alimwona Kimya akimnong'oneza mtu. Jumatatu asubuhi alikuwa wa kwanza kufika. Bwana Rula alimkuta akinoa mkasi mkubwa.

"Wewe ndiye ninayekuamini humu," alisema msimamizi. Macho yake yalikuwa mekundu. Mwenye kiwanda alikuwa amemwita mara mbili, na mara zote mbili hakumpa kiti. "Niambie kwa siri, unamshuku nani?"

Angeweza kusema simshuku mtu. Neno hilo lilikuwa karibu, lina "sh" nzuri, angelitamka vizuri kuliko yeyote. Badala yake alisema, "Yule Kimya. Hatujui kwao ni wapi."

"Kuku mgeni," alisema Bwana Rula polepole, akigonga kiganja kwa rula. "Kamba mguuni." Akaondoka. Mama Mikasi aliendelea kunoa mkasi ambao ulikuwa umeshanoleka.

Siku za Jumatano, baada ya chakula na kabla ya mashine kuanza, Bwana Rula aliwaongoza wafanyakazi katika sala na fundisho. Mwaka huo alikuwa akiwapitisha katika enzi za waamuzi. Alikuwa msimulizi mzuri, asikudanganye mtu. Alipowaeleza habari za mwamuzi aliyeomba ishara kwa manyoya ya kondoo, usiku huu yalowe, usiku ule yakauke, watu walisahau hata kupiga miayo. Kosa lake lilikuwa moja: kila fundisho, lianzie popote, liliishia kwamba watu bila msimamizi hupotea.

Jumatano hiyo aliwafikisha kwenye kivuko cha mto. Aliwaeleza jinsi watu wa mwamuzi mmoja walivyoshika vivuko baada ya ugomvi na kabila jirani, na jinsi kila mkimbizi aliyetaka kuvuka alivyoambiwa aseme neno moja, Shibolethi. Aliyesema Sibolethi alikamatwa.

"Mnaona?" alisema, na rula ikapanda juu. "Watu wa Mungu walilinda mlango. Hawakumwonea mtu. Walisikiliza tu. Ulimi wenyewe ndio uliomtaja mwenyewe." Akawatazama mmoja mmoja. "Kesho asubuhi nitasimama mlangoni. Kila mtu atasema neno letu, mashuka, ndipo aingie. Asiye na la kuficha hana la kuogopa. Mama Mikasi atasimama pamoja nami, maana sikio lake ni zuri."

Wengine walicheka, wakidhani ni utani. Walipoona hacheki, walinyamaza. Kimya alikuwa ameinamia mikono yake.

Jioni Mama Mikasi alimsimulia mama yake yote, isipokuwa lile jina alilolitaja. Bibi alisikiliza huku akipuliza chai kwenye kisahani.

"Na habari za binti je?" aliuliza.

"Binti yupi?"

"Binti wa huyo mwamuzi. Zile zinazotangulia kivuko."

"Aliziruka, mama."

"Aliziruka!" Bibi aliweka kisahani chini. "Mtu anaruka moyo wa habari halafu anasema amefundisa." Kisha akamtazama binti yake kwa muda. "Nawe kesho utasimama upande gani wa mlango?"

Mama Mikasi aliinuka. Alisema amechoka, akaenda kulala.

Asubuhi wanawake walipanga mstari kwenye ngazi, kutoka mlango wa ukumbi hadi chini karibu na ghala. Bwana Rula alisimama kulia, rula kifuani kama askari. Mama Mikasi alisimama kushoto, mikono imejificha ndani ya aproni.

"Mashuka," alisema wa kwanza, akapita. "Mashuka." "Mashuka." Mmoja alilisema kwa hasira, mwingine kwa madaha kama anauza sokoni, mwingine kwa woga mpaka akalirudia bila kuombwa. Neno lilianza kupoteza maana, likawa kama mlio wa mashine.

Akafika Bibi Pindo, mzee kuliko wote, aliyekuwa ameshona pale tangu kiwanda kina paa la makuti. Meno yake ya mbele yalikuwa yamekwenda mwaka uliopita. Alivuta pumzi na kusema kwa heshima zote:

"Mafuka."

"Rudia, Bibi," alisema Bwana Rula.

"Masuka."

Ngazi nzima ikaangua kicheko, cha kwanza tangu sindano zile. Bwana Rula mwenyewe alitabasamu. "Pita, Bibi Pindo. Wewe tunakujua. Wewe ni binamu yangu."

Bibi Pindo hakucheka. Alimtazama kwa makini. "Kumbe kuna wanaopita kwa binamu?" alisema, na akaingia.

Nyuma yake alikuwa Kimya.

Alisimama wima, uso wake ukiwa umekauka kama wa mtu aliyekwisha kulia nyumbani. Alimtazama Mama Mikasi, mara moja tu, na Mama Mikasi akayahamisha macho. Sasa atanitaja, aliwaza. Sasa atasema habari za bibi wa dirishani.

"Sema," alisema Bwana Rula.

"Sisemi."

"Kwa nini husemi?"

"Si kwamba siwezi," alisema Kimya. "Nimezaliwa upande huu huu, na wazazi wangu pia. Shangazi yangu anauza mishumaa mtaa wa pili, nenda kamuulize. Shingo, shoka, shukrani. Umesikia? Lakini neno hilo, mlangoni, kwa mtu mwenye fimbo, sisemi."

Hakuna aliyekuwa akicheka tena.

"Baba yangu alisimama darajani," aliendelea. "Na fimbo kama hiyo yako. Hakuwahi kutuambia aliua. Alituambia, 'Mimi niliwasikiliza tu.' Tangu nizaliwe neno hilo halitamkwi nyumbani kwetu. Mgeni akilisema, baba hutoka nje, na kuna siku harudi mpaka tumtafute. Ndiyo maana nasema nguo za kitanda. Nimezoea."

Mama Mikasi alisikia maneno hayo yakimwingia moja moja, kama maji ndani ya kiatu. Kimya hakuwa ametumwa. Hakuwa hata wa kwao. Alikuwa akizunguka neno lile lile kwa njia zile zile, ila alikuwa ametokea upande mwingine wa daraja.

Bwana Rula alikuwa ametoka jasho. Pengine alitaka kurudi nyuma, lakini ngazi ilikuwa imejaa watu, na mtu aliyeinua rula mbele ya watu huona aibu kuishusha. "Anayekataa amekwisha kujibu," alisema. Akageuka. "Mama Mikasi, wewe ndiye sikio letu. Huyu anapita au hapiti?"

"Mimi ndiye nisiyepita," alisema Mama Mikasi.

"Unasemaje?"

"Mimi ndiye wa ng'ambo. Nimetoka huko mtoto, na mama yangu."

Mtu mmoja akacheka, na wengine wakafuata. Mama Mikasi wa ng'ambo! Yeye aliyefundisha watoto wa mtaa kusoma!

"Haya, sema basi," alisema mmoja kutoka ndani.

Alifungua mdomo. Alitaka kulisema kama mama yake anavyolisema, kama bibi zake wote walivyolisema. Lakini ulimi ule ulifundishwa kwenye matete, kwa hofu, na hofu ni mwalimu asiyesahaulika. Neno likatoka safi kama kitambaa kipya: "Mashuka."

Kicheko kikapanda. "Huruma yako naijua," alisema Bwana Rula, na ungedhani amepata nafuu. "Lakini usimfunike mtu kwa uongo."

Kimya alikuwa ameshavua aproni. Aliikunja vizuri, pembe kwa pembe, akaiweka juu ya nguzo ya ngazi, akashuka. Watu walimpisha kana kwamba angewaunguza.

"Ningojeni hapa," alisema Mama Mikasi. Naye akashuka.

Nyumbani hapakuwa mbali, ni kukata kona ya ghala na kuvuka barabara. Alimkuta mama yake anachambua mchele.

"Mama, nataka uje kiwandani useme."

"Niseme nini?"

"Lolote."

Bibi alimtazama juu mpaka chini. "Umri wote unaniambia ninyamaze, leo unataka hotuba?" Kisha aliuona uso wa binti yake, akasukuma ungo pembeni. "Nipe viatu."

Walipanda ngazi polepole, bibi akipumzika kila baada ya hatua chache. Wengi walimjua na walianza kumsalimia kwa mikono, kama kawaida. Bibi aliwapungia, akaingia mpaka katikati ya ukumbi, akashika kiti.

"Hamjambo, wanangu?" alisema.

"Hatujambo," waliitika kwa mazoea, ndipo mikono ikawaendea midomoni.

"Nimekuja kuona masuka mnayosona. Binti yangu husema ni mazuri."

Ungeweza kusikia njiwa wakitembea juu ya bati.

"Wewe bwana," bibi alimwambia, "ulipokuja kuniona nilipougua uliniletea macungwa. Ukanieleza kwa mikono jinsi ya kuyamenya." Mtu mmoja alikohoa kuzuia kicheko. "Wewe si mtu mbaya. Ila jana uliwapa watu habari nusu. Kabla ya kivuko, yule mwamuzi alikwenda vitani akaapa bila kufikiri. Alisema akirudi na usindi, atakayetoka kwanza mlangoni kwake kumlaki, huyo atakuwa sadaka. Akatoka binti yake wa pekee, anaceza, anapiga matari. Mdomo wa baba ndio uliommaliza. Si adui, si njaa. Mdomo."

Alipumzika. Hakuna aliyemharakisha.

"Mtu kama huyo angekuwa wa kwanza kujua kwamba ulimi si kipimo ca mtu. Lakini badala ya kulia na kutulia, watu wake wakasimama mtoni kupima ndimi za wengine. Na waliowapima ni nani? Ndugu zao, wana wa baba mmoja. Katika wote waliokufa pale kivukoni hapakuwa na adui hata mmoja. Baba yangu alipofika hapo alikuwa anafunga kitabu, na sisi watoto tunaambiwa tukae kimya kidogo. Haikuandikwa ili tuige. Iliandikwa ili tuogope." Akageuka kwa binti yake. "Nimemaliza. Miguu inauma."

Bibi Pindo ndiye aliyeinuka na kumsogezea kiti vizuri. "Mimi na wewe, dada," alisema, "tungepelekwa chini ya daraja pamoja."

Bwana Rula alikaa juu ya furushi la kitambaa, rula imelala miguuni pake. Siku hiyo mashine zilichelewa kuanza.

Wiki iliyofuata mkuu wa wauguzi alirudi. Alizungumza na msimamizi koridoni, haraka haraka, kama mtu anayekanyaga makaa. Mashuka yale hayakuwa mapya. Yalikuwa yamekwisha kufuliwa hospitalini na kushonwa viraka na mafundi wa huko huko, na sindano zilikuwa zao. Walichanganya mafungu. Samahani sana. Bwana Rula aliingia ukumbini akawaambia wote, neno kwa neno, bila kujitetea, kisha akawaomba radhi. Kimya alimtaja kwa jina.

Lakini shaka haifuliwi kwa siku moja. Mafundo kwenye mashine yalifunguliwa, mengine yakaendelea kufungwa. Mwanamke mmoja alihamisha kikombe chake kutoka rafu ya Mama Mikasi na kusema ni kwa sababu ya vumbi. Jirani wa ukuta wa pili alikasirika kwa sababu nyingine kabisa: "Miaka yote hii nakupigia ishara kama kichaa, bibi, na wewe unanisikia!" Wakawa hawasemeshani kwa siku tatu, na tangu hapo hawajanyamaza.

Kimya hakurudi kazini. Bwana Rula alikwenda kwao mara moja na hakufunguliwa. Mama Mikasi alikwenda Jumapili, akiwa peke yake.

Ilikuwa nyumba ya chini yenye ua mdogo wa saruji. Kimya alifungua, akasimama mlangoni bila kumkaribisha.

"Nimekuja kukuambia jambo," alisema Mama Mikasi. "Aliyekutaja kwa msimamizi ni mimi. Kabla ya ile Jumatano."

"Najua."

"Ulijuaje?"

"Jumatatu uliponipa vitambaa hukunitazama usoni. Na Jumamosi nilikuwa nimemsikia bibi. Nikajua utaogopa."

"Ungeweza kunitaja pale mlangoni."

"Ningekuwa nani basi?" alisema Kimya. "Nyumbani kwetu watu wamekwisha kutajwa vya kutosha."

Mama Mikasi aliangalia chini. "Utanisamehe?"

"Bado," alisema Kimya. Hakulisema kwa ukali. Alilisema kama mtu anayesema chakula bado kiko jikoni. Nyuma yake, uani, mzee mwembamba alikuwa ameketi kwenye kiti cha kamba, kichwa kimeinamia kifua.

"Yule ni baba?"

"Ndiye. Ukiingia atakuuliza umetoka wapi. Humuuliza kila mtu. Usidhani ana nia mbaya. Nafikiri yeye ndiye anayemtafuta mtu."

Mama Mikasi alisita. Aliitazama ile mikono ya mzee juu ya magoti, mikubwa, yenye mishipa, na akajiuliza kama aliwahi kuiona, na kama mikono hiyo ndiyo iliyompungia apite. Hakuweza kujua. Sura za darajani zilikuwa zimefutika zote, yamebaki mafurushi.

"Nipishe nimsalimie," alisema.

Kimya alisogea. Mama Mikasi alivuka ua, akasimama mbele ya mzee.

"Shikamoo, mzee."

Mzee aliinua kichwa polepole. "Marahaba. Umetoka wapi, mama?"

"Ng'ambo," alisema. "Nilipita darajani nikiwa mtoto. Nilikuwa na mama yangu."

Mzee alimtazama kwa muda mrefu, midomo ikicheza bila sauti. Kimya alikuwa amekaribia, mkono mmoja umetangulia, tayari kumzuia baba yake asitoke nje. Lakini mzee hakuinuka. Aligeuka kwa shida, akalishika kwa mkono mmoja gogo la kukalia lililokuwa nyuma yake, akalivuta mbele mpaka karibu na magoti yake.

"Kaa," alisema. "Kaa, nikueleze."

Mama Mikasi akakaa.